Mwongozo wa Mgeni kwa Msimu wa Kuhama Ligi

Mgeni, karibu Marekani. Kazi umepata, koti zito umenunua, na umeshagundua kwamba wenyeji wakikuuliza habari hawataki kuelezwa habari. Umebakiza mtihani mmoja. Siku yoyote kuanzia sasa utaingia chumba cha chakula kazini ukute watu wazima, wenye mikopo ya nyumba na presha ya damu, wanabishana chuo fulani kitahamia ligi gani. Mmoja wao atakugeukia akuulize unaonaje.

Usikimbie. Mimi huu ni mwaka wangu wa 12 hapa Ohio, ghalani, zamu ya mchana, na ubishi huu nimeula pamoja na ugali wangu wa kwenye bakuli la plastiki. Fuata maelekezo haya kwa utaratibu. Ukiyashika yote utaweza kukaa mezani na kutikisa kichwa mahali panapostahili. Zaidi ya hapo usinidai.

Kwanza, jua kinachouzwa. Si soka. Ni mpira wa Kimarekani, ule wenye umbo la embe dodo, ambao wenyewe wanauita mpira wa miguu kwa kuwa unachezwa kwa mikono. Vyuo vikuu huucheza Jumamosi, na usidhani ni bonanza la wanafunzi. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unaingiza watu zaidi ya 107,000. Ujaze Uwanja wa Benjamin Mkapa mpaka kiti cha mwisho, watu 60,000, na bado una watu 47,000 wako nje wameshika tiketi. Mwenye uwanja huo ni taasisi ambayo pia ina maktaba. Sasa, vyuo hujiunga katika ligi. Ligi huuza haki za matangazo kwa televisheni kwa mkupuo. Kisha kila chuo hupewa mgao wake. Chuo kikichungulia sahani ya meza ya pili kikaona minofu ni mikubwa, kinahama meza. Somo limekwisha. Yaliyobaki yote ni adabu.

Na adabu ya kwanza ni kwamba neno fedha halitamkwi. Tarehe 30 Juni 2022, vyuo viwili vya Los Angeles, USC na UCLA, vilitangaza kwamba vinahamia ligi ya Big Ten. Wiki saba baadaye Big Ten ikatangaza mikataba na Fox, CBS na NBC, ya miaka saba, iliyoripotiwa kuzidi dola bilioni 7. Mtu mwenye akili ya kawaida angeunganisha habari hizo mbili. Wewe usiunganishe. Katika matamko ya kuhama utasikia uthabiti, utasikia maono, utasikia maslahi mapana ya wanafunzi wanamichezo. Umetoka nchi ambako mbunge akihama chama huwa ameguswa na juhudi za upande wa pili, kwa hiyo mtihani huu utafaulu bila kusoma. Ila usicheke. Ukicheka watajua umeelewa.

Pili, hesabu ulizofundishwa shule ya msingi ziache mlangoni. Big Ten, maana yake Kumi Kubwa, ina vyuo 18. Big 12 ina vyuo 16. Kuanzia 2011 hadi 2014 ile Kumi ilikuwa na vyuo 12, na ile Kumi na Mbili ilikuwa na vyuo 10, na kwa miaka yote hiyo mitatu hakuna aliyewaza wabadilishane vibao vya mlangoni yakaisha. Kabla ya hapo, mwaka 1990, Penn State ilipoingia kwenye Kumi ikawa ya 11, wakubwa walilitatua tatizo kwa ustadi: walichora nembo mpya na kuificha namba 11 kwenye nafasi nyeupe kandokando ya herufi T. Mtoto wa nje kaingizwa kwenye picha ya familia, lakini kasimamishwa nyuma ya pazia. Nembo hiyo ilidumu kama miaka 20. Mimi mwaka wangu wa pili nilihesabu kwa sauti, chuo kimoja kidole kimoja, mbele ya msimamizi wa zamu. Alinitazama kwa huruma, akanieleza polepole kwamba ni jina tu. Tangu siku hiyo hunielekeza upya hata mashine ninayoijua kuliko yeye.

Tatu, kunja ramani. Ipo ligi inaitwa ACC, Ligi ya Pwani ya Atlantiki. Tangu 2024 wanachama wake ni pamoja na Stanford na Berkeley, vyuo vilivyoko California. Ukisimama kwenye vilima vya Berkeley jioni utaona jua linazama baharini, na bahari hiyo, nakuhakikishia, si Atlantiki. Mwaka huohuo kimeingia pia chuo cha SMU, cha Dallas, mji ambao hauna bahari yoyote. Ni sawa na Dodoma kuomba uanachama katika umoja wa wavuvi wa Mafia, na Kigoma kukubaliwa kwa hoja kwamba nao wana maji. Masharti ya kuingia yanasisimua zaidi. Stanford na Berkeley walikubali kuanza na takriban asilimia 30 ya mgao wa televisheni. SMU ilikubali kutopewa mgao huo kabisa kwa miaka tisa. Bibi harusi kajitolea mahari, kalipia ukumbi, na bado anashukuru kwa kuoa… kwa kuolewa, samahani. Hapo hata kitenzi kinachanganya.

Usidhani ni wazimu wa juzi. Mwaka 2011 chuo cha Boise State, kilichoko Idaho, magharibi kabisa, kilikubali kuingiza timu yake ya mpira katika ligi iitwayo Big East, yaani Mashariki Kubwa. Kilijiondoa kabla ya kucheza mechi hata moja. Kwa hiyo ukiona jina la ligi lina upande wa dunia ndani yake, usilitumie kutafuta barabara.

Hapo hapo kwenye ramani, kaa kidogo, maana kuna watu wamesahauliwa kwenye buti la gari. Kutoka Los Angeles hadi New Jersey, ambako kuna chuo cha Rutgers, ni kilomita kama 3,900, na saa zinapishana tatu. Umbali huo haupishani sana na wa Dar es Salaam hadi Kairo. UCLA na Rutgers sasa ni ligi moja. Kwa vijana wa mpira wa Kimarekani si neno: wanacheza mara moja kwa wiki, mechi za ligi za ugenini ni nne au tano kwa msimu, na ndege ni ya kukodi. Lakini ligi hainunui embe peke yake. Binti wa mpira wa wavu, kijana wa kuogelea, wa tenisi, wa besiboli, wote wamehama pia, ingawa hakuna televisheni iliyowauliza bei. Mkataba uliandikwa kwa ajili ya embe. Ndizi, mapapai na machungwa yakapandishwa lori lilelile. Nenda uwanja wa ndege siku ya Jumatano usiku utamwona: binti mrefu, magoti yamefungwa bandeji, kompyuta iko mapajani, anafanya jaribio la kemia huku spika inataja mlango wa kupandia. Ukisikia mezani mtu anasema "mwanafunzi mwanamichezo", itikia. Usiulize habari za hilo neno la kwanza.

Na kama una mpwa nyumbani anayekimbia vizuri na ameahidiwa skolashipu, mwambie jambo moja kabla hajapanda ndege. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja. Kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja. Atafurahi. Kisha mwambie kwamba viza ya mwanafunzi ina masharti makali kuhusu kazi na kipato, na kwamba fungu kubwa la fedha hizo linakwenda kwa wacheza embe. Atakuwa tajiri wa kusimuliwa.

Nne, jifunze sheria za talaka. Kuhama ligi hakuzuiliwi, kunatozwa. Texas na Oklahoma walipotaka kutoka Big 12 kwenda ligi ya SEC mapema kuliko mkataba ulivyosema, waliacha dola milioni 100 mezani, wawili kwa pamoja, wakaenda. Maryland ilipoondoka ACC ilidaiwa zaidi ya milioni 52, wakashtakiana, wakamaliza kwa milioni 31 na ushee. Hizo ni talaka za kistaarabu. Florida State wao walikwenda mahakamani Desemba 2023 kuishtaki ACC, ligi waliyokuwa bado wamo ndani yake, wanakula kwake, wanalala kwake. Miezi mitatu baadaye Clemson wakafuata njia hiyohiyo. Machi 2025 yakapatanishwa: vyuo vyote viwili vitabaki, mgao sasa utatazama nani anaangaliwa zaidi kwenye televisheni, na ada ya kuondoka itashuka mwaka hadi mwaka mpaka ifike milioni 75 ifikapo msimu wa 2030–31. Yaani mume na mke wamerudiana, na kabla ya kuzima taa wakaandikishana bei ya kuachana.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha California. UCLA na Berkeley ni watoto wa mama mmoja: vyote viko chini ya Chuo Kikuu cha California, bodi moja. UCLA alipoolewa kwa tajiri, ndugu yake akabaki kwenye nyumba inayobomoka, ligi ya Pac-12, ambayo kisa chake kinakuja hatua ya nane. Bodi ikakaa, ikatafakari, na mwaka 2024 ikaamua kwamba UCLA imlipe Berkeley dola milioni 10 kwa mwaka. Matunzo. Kadhi yeyote wa Tanga angeielewa hukumu hiyo, ingawa angeomba kwanza aonyeshwe ndoa ya ndugu na ndugu ilifungwa lini.

Ipo pia faini ya kuiba wake. Ligi ya Mountain West ilikubali kucheza na mabaki ya ligi ya Pac-12 msimu wa 2024, ikaweka sharti: ukimchukua mwanachama wangu, milioni 10; wa pili, hiyo pamoja na nusu milioni juu yake; na kuendelea. Pac-12 ikasaini. Mwaka huohuo ikachukua watano. Jumlisha mwenyewe: ni milioni 55. Kisha ikaenda mahakamani kulalamika kwamba sharti lile ni haramu. Mezani watakuuliza nani ana haki. Jibu ni "ngoja tuone mahakama itasemaje", halafu tia tonge mdomoni.

Tano, usomaji wa uvumi. Hapa ndipo wageni wengi wanapoangukia, kwa sababu wanasoma maneno. Maneno hayasomwi. Mkurugenzi wa michezo akisema "tuna furaha sana hapa tulipo", jua masanduku yako sebuleni. Bodi ya chuo ikiitisha kikao cha dharura, milango imefungwa, ajenda "ushauri wa kisheria", jua gari la mizigo limeshaegeshwa. Mashabiki sugu hawasubiri hata hayo: wana programu za simu zinazofuatilia ndege binafsi, na ndege ndogo ikitoka mji wa chuo kwenda mji wa makao ya ligi, usiku huo hakuna anayelala. Inaweza kuwa imempeleka daktari wa meno. Haidhuru.

Kama unataka mfano mmoja wa kubeba mfukoni, beba huu. Julai 2021 ilipovuja kwamba Texas na Oklahoma wanahamia SEC, ligi nyingine tatu zilishtuka: Big Ten, ACC na Pac-12. Agosti 24 zikatangaza ushirika wao, vyuo 41, wa kulinda utulivu wa michezo ya vyuo. Mkataba uliosainiwa? Haukuwepo. Walikuwa wametazamana machoni, wakaaminiana. Miezi kumi baadaye Big Ten ikachukua USC na UCLA kutoka kwa Pac-12, mshirika wake. Walitazamana machoni, ndiyo. Mmoja alikuwa anakagua kope.

Ukibanwa kabisa utoe utabiri wako mwenyewe, sema hivi, kwa sauti ya chini, ukitazama dirishani: "Yote yatategemea Notre Dame." Hiki ni chuo cha Kikatoliki cha Indiana ambacho mpira wake hauna ligi, kina mkataba wake binafsi na NBC tangu 1991, na michezo yake mingi mingine imepanga chumba ACC. Kila mwaka kinahama, na kila mwaka kipo. Sentensi hiyo nimeitumia misimu tisa na haijawahi kupingwa. Usiongeze ya pili. Atakayeongeza ya pili ataulizwa kwa nini.

Sita, watani wa jadi. Fupi tu, maana inauma. Oklahoma na Oklahoma State walianza kukutana 1904. Novemba 2023 walicheza, Oklahoma State wakashinda 27–24, na kwa kuwa mmoja alikuwa anahamia SEC, mechi ikaishia hapo. Texas A&M nayo iliikimbilia SEC mwaka 2012, ikamwacha Texas kwenye Big 12, na utani wa zaidi ya miaka 100 ukafungwa kabatini. Ilistarehe miaka 12. Mwaka 2024 Texas ikahamia SEC, na tarehe 30 Novemba ikaja uwanjani kwa A&M na kushinda 17–7. Unamkimbia mtani wako unapanga chumba mji wa mbali, siku moja unasikia hodi, ni yeye, amepanga chumba cha pili. Usijaribu kuwaeleza Simba na Yanga ili wakuelewe. Watauliza Simba iko ligi gani, nawe utajibu iko ileile, na hapo ndipo watakapokuona mshamba.

Saba, elewa kwamba chuo kinaweza kuhama bila kutoka nyumbani. Hasheem Thabeet wetu, kijana wa Dar es Salaam, alicheza kikapu UConn, jimbo la Connecticut, kabla ya kuchaguliwa wa pili nchi nzima na timu ya kulipwa ya Memphis mwaka 2009. Ligi yake ilikuwa Big East. Machi ya mwaka huohuo, New York, UConn na Syracuse walicheza mechi ya ligi hiyo ikaongezwa muda mara sita, na Syracuse wakashinda 127–117, Thabeet alikuwemo. Basi, mwaka 2013 Syracuse wakahamia ACC, na vyuo saba vya Kikatoliki vikajitoa vikiwa vimebeba jina la Big East kwenye mkoba. UConn haikwenda popote. Iliamka asubuhi imo katika ligi inayoitwa American. Mwaka 2020 ikalipa ili irudi kwenye jina lake la zamani, lakini timu yake ya mpira wa Kimarekani haikuwa na pa kufikia, ikawa mtoto wa mtaani mpaka leo. Ukitaka kujivunia kwamba Mtanzania alitamba Big East, taja mwaka kwanza. Usipoutaja utaulizwa Big East ipi, na chakula kitapoa.

Nane. Hapa punguza mwendo, maana hii ndiyo sehemu pekee ambayo wewe na mimi tunaijua kuliko wao.

Mashariki ya jimbo la Washington, karibu kabisa na mpaka wa Idaho, kuna mji wa Pullman uliozungukwa na vilima vya ngano. Chuo cha Washington State kiko hapo. Miaka ya 1970 kocha wa riadha wa chuo hicho, John Chaplin, alikuwa akiwachukua wakimbiaji kutoka Kenya. Mmoja wao, Samson Kimobwa, alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977. Mwaka uliofuata mwenzake, Henry Rono wa Nandi, aliamua moja haitoshi. Ndani ya siku 81 alivunja nne: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Mbili za mwisho alizivunjia Ulaya, Vienna na Oslo. Ila ya kwanza aliivunjia Berkeley, mwezi wa nne, na ya pili Seattle, mwezi wa tano.

Tazama hiyo miji. Berkeley, Seattle, Pullman: vyuo vyake vyote vilikuwa ligi moja, iliyoitwa Pac-8 kwa sababu, shikilia kiti, ilikuwa na vyuo vinane. Jina lilisema Pasifiki na wanachama wake walikuwa majimbo ya Pasifiki. Mwanafunzi wa Nandi alikuwa akienda kwa jirani, anavunja rekodi ya dunia, anarudi darasani.

Baadaye ikawa Pac-10, ikawa Pac-12, na kwa miujiza idadi na jina vikaendelea kusikilizana. Halafu Agosti 2023. Los Angeles walikuwa wameshaaga, Colorado kaondoka mwezi wa saba, na kamishna kaleta mezani ofa ya Apple: mechi zionyeshwe kwa kujisajili mtandaoni, na kipato kipande kadiri ya watakaojisajili. Asubuhi ya tarehe 4 watu walitarajia saini. Kufika usiku Oregon na Washington, kile chuo cha Seattle, walikuwa wa Big Ten, tena kwa mgao pungufu, na Arizona, Arizona State na Utah walikuwa wa Big 12. Watano kwa siku moja. Mwezi uliofuata Stanford na Berkeley wakaikimbilia ile Atlantiki yao. Wakabaki wawili, Washington State na Oregon State, wamesimama sebuleni katikati ya alama za samani zilizokuwepo.

Wawili hao walikwenda mahakamani, wilayani kwa Washington State, miongoni mwa ngano, wakadai kwamba anayehama hana kura juu ya nyumba anayoihama. Wakashinda. Wakarithi jina, akaunti na madeni. Msimu wa 2024 na wa 2025 ligi ya Pac-12 ilichezwa na vyuo viwili; kikao chake cha bodi kiliweza kufanyikia kwenye meza ya chai. Novemba 2025 walikutana mara mbili, kila mmoja akashinda kwake, na hivyo ligi nzima ikatoka sare. Kuanzia Julai 2026 wameongeza saba, kimojawapo hakina hata timu ya mpira wa Kimarekani. Jumla tisa. Jina halijaguswa.

Rono alifariki Nairobi Februari 2024. Agosti ya mwaka huo Seattle ikawa rasmi ligi moja na New Jersey, na Berkeley ikawa pwani ya Atlantiki. Mbio zake mbili za kwanza sasa zimetawanyika katika ligi mbili ambazo hakuzikimbilia, na chuo chake kimebaki katika ligi ya tatu. Habari hii usiipeleke mezani. Niliipeleka mara moja. Hawakumjua Rono, nikatumia mapumziko yote, dakika 30, kumweleza mtu wa Ohio kwa nini mkimbiaji anaruka kidimbwi wakati angeweza kukizunguka.

Tisa, na ya mwisho: jiandae kwa simu ya nyumbani. Hii hakuna aliyewahi kuifaulu, nawe hutakuwa wa kwanza. Tuseme mpwa wako amekwishafika, amepangiwa chuo kimoja huko magharibi, anakimbia. Jumapili saa mbili usiku kwao, mjomba wako atapiga kutoka Mbulu. Utasema shikamoo mjomba, atasema marahaba, atauliza baridi, atauliza watoto, utajibu wote hawajambo. Atakohoa kidogo. Kisha ataliuliza, swali la mzee aliyewahi kukimbia UMISSETA, swali jepesi kabisa.

"Huyo kijana anashindana na kina nani? Vyuo vya jirani?"

Utavuta pumzi. Utakumbuka hatua zote nane, vyuo 18 vya Kumi, pwani zote mbili.

"Hapana, mjomba. Vyuo vya jirani vimehama."

"Poleni. Vimehamia wapi?"

"Vipo palepale."

Atanyamaza. Utamsikia anaisogeza simu sikio la pili. Kisha, kwa upole mkubwa, atasema: "Hebu mpe simu mkeo."